Unatafutwa Mkia wa Joka

Kabla magoti yake hayajamgomea, Mukohata Isaburo alikuwa fundi wa kuezeka vigae, na katika mtaa wetu hapa Osaka hapakuwa na mgongo uliojulikana kama wake. Nasema hivyo kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti cha juu mlangoni mwa hamamu, kile kiti kilichoinuliwa katikati ya upande wa wanaume na upande wa wanawake. Anayekikalia huona pande zote mbili, na hutakiwa asionekane kuwa ameona. Nilikirithi kwa marehemu mama mkwe wangu pamoja na sharti lake: macho wazi, mdomo kufuli.

Mgongoni Isaburo alikuwa na joka. Alichorwa ujanani na marehemu fundi Kurodani, aliyechoma tatuu kwa mkono, sindano zimefungwa kwenye kijiti cha mwanzi, tak tak tak, mteja akiuma taulo. Magamba yalipangwa moja juu ya jingine kama vigae vya hekalu. Mguu mmoja ulikunjua makucha. Mapindi ya mwili yalijaza mgongo wote, na pembeni yalizungukwa na mawingu meusi. Kilikosekana kitu kimoja tu, nacho ni kichwa.

"Kichwa kiko mawinguni," Isaburo alimjibu kila aliyeuliza. "Kurodani mwenyewe aliniambia. Mkubwa haonyeshi uso wake kwa kila mpita njia."

Marehemu mkewe aliwahi kumwambia, akiwa anamsugua, kwamba yeye anaona kama utumbo. Hawakusemezana mpaka mwaka ulipogeuka.

Basi akaja Bi Orikasa Fumie. Huyu ana duka la vitabu vya picha karibu na kituo cha treni: vitabu vya majoka, vya simbamarara kwenye mianzi, vya vinyago vya mazimwi, vya mawimbi na maua. Wateja wake ni wachora tatuu wanaotafuta ruwaza za kale, na wakusanyaji wanaofunua kurasa kwa glavu nyeupe kana kwamba wanampasua mgonjwa. Fumie alitaka kutoa kitabu cha kazi za Kurodani. Tatizo ni kwamba michoro ya Kurodani haikuwepo tena. Alipofariki, shemeji yake aliyekuwa akiuza viazi vitamu vya kuchoma kwenye mkokoteni aliyakuta makaratasi kabatini, akaona ni mazuri, hayapitishi mafuta, akafungia viazi majira yote ya baridi. Mtaa mzima ulikula kazi ya maisha ya yule mzee na kulamba vidole. Hata mimi nilikula. Kiazi changu kilikuja kimevikwa sikio la zimwi.

Kilichobaki ni migongo, na migongo nayo inazeeka. Fumie akaja hamamu asubuhi kabla sijafungua, na kamera yake, na Isaburo akaja amenyoa, amejipaka mafuta, amevaa kaptura mpya.

"Geuka kidogo, mzee. Hapo hapo," Fumie alisema. "Sasa kichwa kiko wapi?"

"Mawinguni."

"Mawinguni upande gani?"

"Binti yangu, ningejua ni upande gani, kisingekuwa mawinguni."

Fumie akasogea karibu hadi pua yake ikakaribia kugusa ubavu wa mzee. "Hili wingu limekatwa katikati. Fundi kama Kurodani hawezi kuliacha wingu hivi."

"Pengine niliinuka kwenda chooni."

Fumie hakucheka. Alitoa mkobani picha ya mgongo mwingine, akaiangalia, akautazama ule ubavu, akaiangalia tena. Kisha akaomba simu yangu, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imezimika, akampigia mzee mmoja anayeitwa Tatewaki, ng'ambo ya mto.

Tatewaki alikuwa dalali wa jodari katika soko la samaki. Alikwisha kustaafu, lakini sauti yake ilikuwa bado inapiga mnada hata anapoomba chumvi. Alifika kwa baiskeli, akavua shati kabla hata hajasalimia, na mgongoni mwake nikaona kichwa cha joka ambacho sijapata kuona mfano wake: macho kama ya mtu aliyeamshwa vibaya, sharubu zimepanda mpaka mabegani, mdomo wazi. Kichwa na shingo, basi. Mwili haukuwepo.

"Mwili uko baharini," Tatewaki alitangaza. "Kurodani alisema hivyo. Mimi ni mtu wa samaki, mwili wa joka langu umezama, umetulia."

"Kaa hapa, mzee," Fumie alimwambia. "Na wewe Mzee Isaburo, kaa kulia kwake. Karibu zaidi. Bega chini. Sogea tena kidogo."

Mimi niliona yote kutoka juu. Shingo iliyotokea ubavuni mwa Tatewaki iliingia ubavuni mwa Isaburo, gamba kwa gamba, na lile wingu lililokatwa likapata nusu yake. Bomba la maji lilikuwa linadondosha tone tone, na hakuna mwingine aliyetoa sauti.

"Kuna nini?" Isaburo aliuliza, kwa kuwa kati yetu sote wao wawili tu ndio hawakuweza kuona. "Mbona mmenyamaza? Jamani, kuna kidonda?"

Fumie akapiga picha, akawaonyesha kwenye kamera. Tatewaki ndiye aliyeelewa kwanza. Alipiga paja lake mpaka vigae vya ukutani vikaitikia.

"Kumbe tumbo ninalo! Miaka yote nadhani liko baharini, kumbe liko juu ya mapaa ya watu linagonga vigae!"

"Tumbo la nani?"

"Langu. Wewe hapo. Tumbo, u hali gani? Umekula?"

"Koma wewe! Mimi nina joka zima!"

"Joka zima halina macho? Hebu tazama picha, mwenzangu. Mimi ndiye ninayeona. Wewe kazi yako kusaga."

"Bila tumbo, hicho kichwa chako kingepeleka wapi chakula?"

"Na bila kichwa, tumbo lingepata nini? Njaa tupu!"

Isaburo alivaa nguo juu ya mafuta, soksi moja ndani nje, akatoka bila kuaga.

Mchana wake nilimwona akipita na ndoo, nikamfuata, maana njia ya makaburini ina utelezi na yeye alikuwa amebeba hasira na ndoo pamoja. Kila anayeenda kwa Kurodani humpelekea pombe ya mchele, alikuwa akiipenda mno. Isaburo alilimwagia jiwe la kaburi maji baridi ya bomba. Ubani hakuwasha.

"Ulinidanganya," aliliambia jiwe. "Nilivumilia sindano zako nikiuma taulo. Ungeniambia ni tumbo, ningekuuma wewe."

Akasubiri jibu, kwa adabu, kofia mkononi. Akachukua chombo cha maua akakigeuza kitazame nyuma, ndiyo adhabu aliyoona inafaa, tukaanza kurudi. Tulipofika kwenye reli alisimama.

"Kayo. Wewe umeniona tangu ningali nina nywele. Ni tumbo zuri au baya?"

"Ni zuri, mzee."

"Usinifurahishe tu."

"Ni zuri kama paa jipya likinyeshewa mvua."

Alitazama reli muda mrefu ingawa hapakuwa na treni. "Kurodani alijua kupanga magamba," alisema mwishowe, tukavuka.

Sasa, upande wa kulia wa Isaburo palikuwa na wingu jingine lililokatwa. Hata mtoto angejua maana yake. Fumie akatengeneza tangazo kwa brashi na wino, akalibandika kwenye ubao wa hamamu: UNATAFUTWA MKIA WA JOKA. UWE WA FUNDI KURODANI. MWENYE NAO AFIKE DUKANI AU HAPA. SIRI ITATUNZWA.

Pembeni ya tangazo hilo palikuwa na lile la mazoezi ya viungo yafanywayo kwa redio asubuhi, limetiwa saini na mwenyekiti wetu wa mtaa, Bi Shinozuka Makie. Huyu ni mjane, mnyoofu kama rula, mwanamke anayeweza kunusa mfuko wa taka akakutajia nani aliyechanganya chupa na makaratasi. Tena ni mkwe wa Isaburo: binti yake Sayo ameolewa na mwana wa Isaburo. Lakini ukwe wao ulikuwa wa kuinamiana kutoka mbali. Siku ya harusi, mwezi wa nane, joto linatoa watu jasho la kisogo, Isaburo alivua koti. Papo hapo mwenyekiti akamtuma mhudumu aende kumnong'oneza baba wa bwana harusi alivae tena, kwa sababu shati lake limelowa na kilicho chini yake kinaonekana. Mzee alilivaa hadi mwisho na nusura azimie kwenye bakuli la supu. Tangu hapo akiulizwa habari za mkwe wake hujibu, "Mzima. Amenyooka. Asubiri atavunjika."

Mwenyekiti alilibandua tangazo la Fumie siku ile ile. "Mambo haya yanashusha hadhi ya mtaa," aliniambia. Fumie akabandika jingine. Likabanduliwa. Likabandikwa.

Na mimi kitini pangu nilikuwa najiuma ulimi. Kwa sababu mwenyekiti huja kuoga mara tu nifunguapo mlango, kabla ya watu, amejifunika taulo toka shingoni, na hukaa kona ya mwisho mgongo kwa ukuta. Lakini taulo ni taulo na maji ni maji. Nilikwisha kuona zamani nilichokiona. Niliyakumbuka maneno ya mama mkwe wangu, nikanyamaza, nikahesabu taulo za watu badala yake.

Mikia ikaanza kuletwa. Alikuja mzee mmoja ana mkunga mgongoni, akashikilia kwamba ni mkia ulioishiwa chakula. Alikuja bwana kutoka Kobe ambaye mkia wake ulikuwa mzuri ajabu mpaka Fumie alipomwomba aingie kwenye maji. Mkia ukaachana naye pale pale, birika la kuogea likawa la buluu, nikafunga hamamu siku nzima kulisugua. Kisha akaja Ushioda, mwenye ukumbi wa mashine za kamari barabarani. Ushioda ana picha yake kwenye kila kalenda ya mtaa na alikuwa hajawahi kukosa kuonekana mahali penye kamera. Aliposikia kuna kitabu, alikwenda kwa kijana fulani akachorwa mkia mpya. Alipovua shati ulikuwa bado umevimba, mwekundu kama kamba wa kuchemsha.

"Ni wa zamani," alisema Ushioda. "Mzio tu."

Fumie alikuwa amechoka. Kiwanda cha uchapaji kilimpigia simu kila siku, na wakusanyaji walikuwa wanamwandikia mpaka kutoka ng'ambo ya bahari kuuliza joka limefikia wapi. Akaichapisha picha ya mkia wa Ushioda, akaibandika ubaoni na maneno: JE, HUU NI MKONO WA KURODANI? Nadhani alitamani mtu aseme ndiyo, apumzike.

Kesho yake mwenyekiti akaja, mara hii amechelewa kidogo, sabuni mkononi, taulo la kwanza limemfunika, la pili begani. Fumie alikuwa chumba cha kuvulia upande wa wanawake anafuta lenzi. Upande wa wanaume Isaburo alikuwa tayari majini na Tatewaki, kwa maana Tatewaki alikuwa amehamia hamamu yetu siku hizo, eti asikae mbali na tumbo lake. Mwenyekiti akasimama mbele ya ubao. Nikaona shingo yake inabadilika rangi kutoka chini kwenda juu.

"Kayo. Hiki ni kitu gani?"

"Mkia, mwenyekiti. Wa Ushioda."

"Huu ni mkia?"

"Ndivyo anavyodai."

"Huu ni mkia wa mbuzi!" Sabuni ilimtoka mkononi. "Tena mbuzi anayehara! Mkia wa joka la Kurodani hauning'inii namna hii! Unapanda! Unapinda kushoto, unapita chini ya maua ya mcheri, na ncha yake ni upanga! Nani kipofu aliyebandika uchafu huu?"

Ukuta unaotenganisha wanaume na wanawake katika hamamu yetu haufiki darini. Sauti hupita juu yake kama moshi. Upande wa pili maji yakaacha kuchezwa, na baada ya kitambo tukamsikia Isaburo, polepole.

"Mkwe... umejuaje?"

Mimi nilitazama dari. Fumie alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia lenzi mdomoni. Mwenyekiti alisimama kama mtu aliyeteremka kituo ambacho si chake. Nilidhani atatoka nje, na pengine naye alidhani hivyo, kwa maana aliutazama mlango. Halafu akautazama tena mkia wa Ushioda, na nikaona hasira inaishinda aibu.

"Funga mlango, Kayo," alisema. Akaliachia taulo, akamgeuzia Fumie mgongo.

Ulikuwa kama alivyousema. Ulipanda, ukapinda kushoto, na petali za mcheri zilikuwa zimetua juu yake bila uzito. Fumie alianza kulia, kimya kimya, huku anatafuta kamera kwa mikono asiione.

"Mkwe!" sauti ya Isaburo ilipanda ukuta. "Nakuuliza!"

"Nimekusikia, sina uziwi!" mwenyekiti alijibu bila kugeuka. "Mimi ndiye mkia. Umeridhika? Nilikuwa mshonaji, mlango wangu ulitazamana na wa Kurodani. Kutwa nzima nawasikia madume wanalia mle ndani. Nikamwambia, mimi nachoma sindano asubuhi hadi jioni na kitambaa hakijawahi kulia. Akasema njoo tuone. Nikaenda. Sikulia."

"Mimi pia sikulia," alisema Tatewaki.

"Ulilia wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unamwita mama yako kwa sauti ya mnada. Nilikuwa nikiacha kushona nakusikiliza."

Tatewaki akanyamaza, jambo ambalo hatujalishuhudia tena tangu siku ile.

"Sasa mbona alitukatakata?" Isaburo aliuliza.

"Lilikuwa kubwa. Alichora joka lisiloenea mgongo wa mtu yeyote, akakataa kulipunguza. Alisema joka likipunguzwa ni mjusi. Akangoja watu watatu wenye subira."

"Na kwa nini wewe alikwambia, sisi akatudanganya?"

"Kwa sababu mimi niliuliza. Nyie mkaambiwa mawingu, mkaambiwa bahari, mkashukuru."

Kisha Isaburo akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi tena, "Basi siku ya harusi..."

"Siku ya harusi shati lako lililowa. Nilikuwa nimeinua kikombe niseme maneno ya heri. Nikaona tumbo. Nililijua, mkwe, nimeuona mchoro mzima kwa macho yangu. Mwanangu anaolewa, mimi nimekaa meza ya mbele, na mwili wangu mwingine umekaa meza ya pili unakula uduvi. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungeniambia!"

"Nikwambie nini? 'Hongera kwa harusi, mimi ndiye mkia wako'?"

Upande wa wanaume pakasikika kitu kama kikohozi, kisha kikageuka kicheko cha Isaburo, cha mzee aliyesahau jinsi kinavyotoka. Kilipomwishia akauliza, "Mkwe, umesema unapinda kushoto?"

"Kushoto."

"Basi mapindi yangu yanakwenda sawa."

Picha tuliipiga siku ya mapumziko. Mwenyekiti alikubali kila kitu isipokuwa kukaa upande wa wanaume, na kwa hilo angehamia mji mwingine kwanza. Wanaume nao hawakuruhusiwa upande wa wanawake, sharti la hamamu ni hilo na mimi ndiye msimamizi. Ikabidi kichwa na tumbo vikae upande wao, mkia ukae upande wake, na ukuta katikati, na Fumie apande kwenye kiti changu, mahali pekee duniani ambapo joka lile lingeweza kuonekana lote.

Kila mmoja alikalia kreti la bia lililogeuzwa. Haikutosha. Isaburo alipovuta pumzi magamba yalipanda, Tatewaki alipoitoa, shingo ilishuka, na joka likawa limevunjika shingo kila mara Fumie alipobonyeza.

"Pumueni pamoja, wazee wangu!" Fumie aliomba.

"Mimi ndiye kichwa, anifuate yeye!"

"Pumzi inakaa kwako au kwangu? Nifuate mimi!"

"Nyamazeni wote wawili," mwenyekiti alisema kutoka ng'ambo, na akaanza kuhesabu kwa sauti ile ile anayoongozea mazoezi ya redio. "Vutaaa. Na shusha. Vutaaa. Na shusha. Tatewaki, mabega! Na shusha."

Wakamtii. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kiti nimemshika Fumie miguu asianguke, na kwa muda nikasahau kwamba ninawafahamu watu wale. Ubavu ulijaa, ubavu ukapungua, kutoka sharubu hadi ncha ya upanga, na ukuta ule wa vigae vyeupe ukaonekana kama ni wenyewe ulioparamiwa na kupasuliwa na kitu kilichokuwa kinapita bila kuomba njia. Ngozi zilikuwa zimelegea, wino umefifia, Tatewaki ana kovu la operesheni kwenye shingo ya joka. Lilikuwa hai. Sina neno jingine.

Ndipo mlango ukafunguliwa, kwa maana nilisahau kuweka kibao cha kwamba tumefunga. Akaingia babu wa duka la tofu ya soya, kiziwi kidogo, beseni lake kwapani. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Limekua," alisema, akaenda zake kuoga.

Kitabu kilitoka majira ya machipuko, kizito, jalada la kitambaa. Fumie alilipa joka kurasa mbili zinazotazamana, akatuletea nakala ya kwanza hamamu, tumeketi sote na chai. Kichwa kilikaa ukurasa wa kushoto. Mkia ulikaa ukurasa wa kulia. Isaburo alivaa miwani, akavua, akavaa.

"Mimi niko wapi?"

Fumie akageuka rangi. Tumbo lilikuwa limeingia kwenye mshono wa kitabu.

"Fungua kwa nguvu kidogo, mzee," alinong'ona.

Isaburo alifungua kwa nguvu kidogo, kisha akaweka goti. Kitabu kikalia kraa, na pale katikati, karibu na gundi, ukatokeza mstari mwembamba wa magamba. Tatewaki alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Tulimngoja Isaburo alipuke. Hakulipuka. Alipitisha kidole kwenye ule mstari, juu chini, kama alivyokuwa akikagua paa.

"Ukiona vigae ukiwa umelala kitandani," alisema, "ujue nyumba inavuja." Akaomba aongezewe chai.

Wakusanyaji walipopata habari kwamba kuna tumbo mshononi, kila mmoja alikivunja kitabu chake kulitafuta. Hivi sasa, Fumie ananiambia, nakala ambayo haijavunjika mgongo hawaitaki kabisa, wanasema haijasomwa. Ushioda yeye amebaki na mkia wake. Aliwahi kumuuliza Tatewaki aufanyeje, Tatewaki akamshauri aende akamtafute mbuzi wake. Na Sayo, binti wa mwenyekiti, alipoonyeshwa ukurasa wa kulia akaambiwa huyo ni mama yake, alikaa chini sakafuni jikoni, akacheka, akalia, akataka kujua kama kuna mambo mengine. Mwenyekiti alimjibu kwamba kwa leo yanatosha.

Siku hizi mwenyekiti haji tena alfajiri. Huja saa za watu wote, taulo mkononi kama wanawake wengine, na akina mama humsugua mgongo kwa zamu, wanagombania. Juzi alimaliza sabuni, akaita kupitia juu ya ukuta.

"Mkwe! Una sabuni?"

"Ninayo!"

"Rusha!"

Isaburo akarusha. Mkono wa fundi wa vigae una nguvu hata uzeeni. Sabuni ilipita juu ya mkia, ikampata mke wa muuza samaki utosini alipokuwa anaosha nywele.

"Nani huyo mjinga?" mama yule akapiga kelele.

"Kichwa!" Isaburo akajibu haraka.

"Mwongo! Ni tumbo!" Tatewaki akanguruma. "Mimi hata sabuni sina!"

Mwenyekiti akaanza kutoa hotuba juu ya usalama wa vitu vinavyorushwa, mama wa samaki akajaza beseni maji baridi akalimwaga juu ya ukuta bila kuuliza aliyeko chini, na babu wa tofu, ambaye hakuhusika na lolote, akalipokea lote. Nikashuka kitini kwenda kuamua ugomvi.